Mwalimu Aliyenenepa Wakati wa Vita

Mwaka ule ambao Goma nzima ilikonda, mimi nilinenepa. Sisemi hivi kwa kujisifu. Nilinenepa uso, nikanenepa shingo, vidole vikavimba hata pete ya ndoa ikakataa kutoka, na mke wangu akaanza kunitazama kwa jicho ambalo kila mwanamume aliyeoa analijua.

Vita ilikuwa imeteremka na barabara ya Rutshuru. Watu walikuja na magodoro kichwani, masufuria mgongoni, mbuzi kamba mkononi. Waliochokea Kibati walilala Kibati, waliofika Kanyaruchinya walifunga mahema Kanyaruchinya, na wenye jamaa mjini waliendelea mpaka mjini. Mimi nilikuwa jamaa wa watu, kwa sababu nilioa Rutshuru. Kwetu ni upande wa Butembo, na ndugu zangu walikuwa wamenicheka mara mbili: kwanza kwa kuchagua ualimu wakati kila Mnande mwenzetu mwenye akili anachagua duka, pili kwa kwenda kutafuta mke mbali na nyumbani. Basi jioni moja mama mkwe wangu alifika kwetu Majengo, na nyuma yake mkaza mwana wake na watoto wanne wa huyo mkaza mwana. Nyumba yetu ya mbao ilikuwa na vyumba viwili na sebule. Tulikuwa watu watano, tukalala watu kumi na mmoja.

Sasa, kwao mke wangu mama mkwe hamtazami mkwewe usoni. Hali naye, hamshiki mkono, hamsemeshi ana kwa ana. Mlimani kwao, penye mashamba ya kutosha, hiyo ni heshima isiyomsumbua mtu. Katika vyumba viwili vya Majengo ilikuwa kazi ya kutwa nzima. Akinisikia natoka chumbani, aligeukia ukuta. Tukikutana kwenye njia ya choo, kila mmoja wetu aligeuka na kuinamia mawe ya volkeno, tukapitana hivyo kama watu wawili waliodondosha sindano. Mwishowe mke wangu alitundika kitenge kati ya sebule na chumba cha pili, na nyuma ya pazia hilo mama mkwe alikula, alisali rozari yake na kutoa amri kwa nyumba nzima.

Mazungumzo yetu yalikuwa ya aina moja tu, sala ya chakula. Mimi kama baba wa nyumba nilisali kwa sauti, na nilipomaliza, kutoka nyuma ya pazia ilikuja Amina moja nzito yenye kutingisha vikombe. Niliipenda ile Amina. Nilikuwa nimesali miaka mingi mbele ya watoto wanaochungulia sufuria, na sasa nilikuwa na msikilizaji.

Uchovu ulianza taratibu sana, hata siwezi kusema siku. Najua tu kwamba kulifika wakati nikawa naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Kutoka nyumbani hadi shuleni kulikuwa mwendo wa dakika ishirini. Ukawa nusu saa, kisha zaidi, pamoja na vituo viwili vya kukaa juu ya kuta za mawe za watu nisiowajua. Nilisikia baridi saa sita mchana. Nilivaa sweta, juu yake sweta, juu yake koti, na kila mtu akanipa pole kwa upepo wa ziwa. Ngozi ya mikono ilikauka mpaka nikawa naona aibu kusalimia watu. Nikaanza kusahau majina ya wanafunzi, mimi ambaye nilijivunia kuita majina sabini bila daftari.

Nilikuwa nafundisha biolojia. Siku moja nilikuwa nachora mwili wa mtu ubaoni, kichwa, shingo, tezi zote mahali pake, na nikalala nimesimama. Chaki haikulala. Iliteremka polepole kutoka shingoni mwa yule mtu, ikapita tumbo, ikafika chini ya ubao, na hapo nikashtuka. Nilipogeuka, darasa zima lilikuwa limeinama linaandika. Walikuwa wamenakili mstari ule kwa uaminifu wote. Msichana mmoja wa mbele akainua mkono.

"Professeur, ule mushipa mukubwa unaitwa namna gani?"

"Mutausoma mwaka kesho," nikamjibu.

Mtauliza kwa nini sikwenda kwa daktari. Nilikwenda kituo cha afya cha jirani. Muuguzi hakupima kitu, alinipa dawa ya malaria, maana siku zile kila mwili uliolala ulikuwa na malaria. Nikazimeza, nikabaki nimechoka. Akanipa dawa ya minyoo, minyoo kama ilikuwepo ikafa, nikabaki nimechoka. Mara ya tatu alinitazama kwa huruma akasema, "Mwalimu, ile ni mawazo ya vita." Na hapo ndipo ugonjwa wangu ulipopata maficho mazuri, kwa sababu nani hakuwa na mawazo ya vita? Nani hakuwa amechoka? Akina mama waliochota maji ziwani walikuwa wamechoka, wachuuzi walikuwa wamechoka, na prefe, mkuu wa shule yetu, nilipomwambia alipiga miayo kabla sijamaliza sentensi. Kusema umechoka Goma mwaka ule ilikuwa sawa na kusema una pua.

Kunenepa, lakini, nilikuwa nako peke yangu. Na mji una akili zake. Mwalimu asiyelipwa vizuri, mwenye wageni sita nyumbani, ananenepa na kusinzia mchana: huyo amepata kazi ONG, kwenye yale mashirika ya misaada, anaificha. Hawakunionea wivu, walikuja na bahasha. Jirani wa kushoto aliniletea CV ya kijana wake. Jirani wa kulia akaniletea ya kwake mwenyewe, na picha amevaa tai. Nikiapa kwamba sina kazi nyingine, walicheka na kunipiga bega. "Tunaelewa, muzee. Ukipata nafasi, utukumbuke." Hata prefe, Mungu amsamehe, aliniuliza kama kule ninakofanya kazi jioni wanahitaji mtu mwenye uzoefu wa kuongoza.

Mke wangu hakuamini habari ya ONG. Yeye ndiye aliyekuwa akigawa bukari, ugali wetu, kwa mwiko, tonge kwa tonge, sombe ya majani ya muhogo kwa kijiko, na sambaza, dagaa wa ziwani, kwa kuhesabu vichwa. Alijua kila kinachoingia kinywani mwangu. Kwa hesabu yake, nilipaswa kuwa nimekauka kama watu wengine. Jioni moja, akikusanya sahani, aliniuliza kwa sauti ndogo ambayo ni mbaya kuliko kelele.

"Papa, unakulaka wapi?"

"Hapa. Ninakulaka wapi tena?"

"Hapa tunakula wote. Bengine banakonda. Weye peke yako shati haifungike. Na ukirudia nyumba, unalala kama mutu mwenye amemaliza nguvu yake kwa mutu."

Alikuwa na maana ya deuxième bureau, ofisi ya pili, jina la adabu tunalompa hawara. Mwanamke fulani katika mji huu, kwa mahesabu ya mke wangu, alikuwa ananilisha nyama na kunirudisha nyumbani maganda. Nilikasirika sana. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, mama yangu alisema nilizaliwa nikiwa nimekunja ngumi. Nikainuka nimwambie yote: wageni sita, mkeka niliolalia sebuleni, vijiko vya sombe. Nikafungua kinywa, nikakaa tena kidogo ili nipange maneno. Kisha nikalala. Katikati ya ugomvi, mbele ya mke wangu anayelia, nililala usingizi wa pono. Katika ndoa yangu yote sijafanya jambo baya kuliko hilo, na sikulifanya kwa kutaka.

Mke wangu akaita baraza la ukoo.

Baraza lilikuwa mtu mmoja, baba yake mdogo, mchuuzi wa ng'ombe wa siku nyingi aliyekuwa akiishi upande wa Ndosho. Alikuja Jumapili baada ya misa, na kofia, na fimbo, akapewa kiti kizuri. Watoto walitolewa nje. Mkaza mwana alijifanya anapepeta maharage mlangoni. Mama mkwe alikuwa nyuma ya pazia lake. Mke wangu akaleta ushahidi, mashati yangu matatu ya kufundishia, akayapanga mezani moja moja na kumwonyesha mzee jinsi kifungo cha shingo kilivyohamishwa mara mbili.

"Simama," mzee akaniambia.

Nikasimama.

"Zunguka."

Nikazunguka. Alinitazama nyuma, akanitazama ubavu, kama sokoni. Nilitegemea anifungue mdomo ahesabu meno.

"Miye niko mutu wa ngombe," akasema. "Ngombe yenye inanenepa mu kiangazi, inakula mu shamba ya mutu. Mwalimu, shamba ni ya nani?"

Damu ilinichemka, ile damu kidogo iliyokuwa bado inachemka. Nilikuwa nimeshaandaa neno langu tangu asubuhi na nilikuwa nalijua kwa moyo: Tokeni. Wewe na fimbo yako, na wewe na mashati yako, na wote waliolala kwenye vitanda vya watoto wangu, tokeni, Kanyaruchinya kuna nafasi. Namuungamia Mungu na msomaji kwamba hilo ndilo nililotaka kusema. Lakini ulimi wangu siku zile ulikuwa mzito, kila sentensi ilihitaji pumzi mbili kuanza. Nilipokuwa ningali kwenye pumzi ya kwanza, pazia likasema.

"Mwanangu."

Alikuwa anamwita binti yake, si mimi. Hata hivyo sote watatu tuligeuka, kisha mimi na mzee tukakumbuka adabu, tukatazama sakafu.

"Miye sijaonaka sura ya huyu mutu," mama mkwe akasema. "Mashati yenu sijui. Kunenepa kwake sijui. Miye ninamusikiaka tu. Asubui ninasikia miguu yake, saa ya kula ninasikia sala yake. Wakati tulifika hapa, alikuwa anasali na sauti yenye kusimama. Sasa inakuwa nzito, inatoka polepole, inakwama. Siku ingine ninasema Amina, kumbe haijaisha, amepumzika tu katikati."

Hiyo ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeisikia ile Amina ya mapema, nikadhani ni njaa yake.

"Kwetu ku mulima kulikuwa mama mwenye tulilimaka naye," akaendelea. "Alianza vile vile. Sauti ikakuwa ya mwanaume. Miguu ikaanza kuvuta. Akavimba, akasikia baridi mu jua. Bwana yake akasema ni muvivu, akamufukuza. Kisha rovu ikatoka hapa ku shingo, njo tukajua. Lakini alikuwa ameisha kufukuzwa." Shanga za rozari zikagongana. "Mwanaume mwenye kushiba kwa mwanamuke mwingine, sauti yake inakuwaka na furaha. Ile ya huyu haina furaha. Na haiko yake. Mutu wetu iko mugonjwa."

Nilisimama pale katikati ya sebule yangu, na hasira yote ikaniishia miguuni. Mwanamke ambaye dakika moja kabla nilitaka kumrudisha kwenye matope ya hema ndiye pekee mjini aliyekuwa amesikia kwamba naugua. Niliona aibu iliyonipasha joto hata masikioni, na ilikuwa muda tangu nisikie joto.

Mzee alikuna kidevu kwa kichwa cha fimbo. Kisha akakata shauri. Nitaenda hospitali ya kweli, nipimwe damu, na mke wangu aende nami asikie kwa masikio yake.

"Damu ikisema iko mugonjwa, tutamuuguza. Ikisema iko muzima," akamwelekezea mke wangu fimbo, "weye unafunga mizigo, unakuja kwangu."

"Na miye Kanyaruchinya," pazia likasema. "Siwezi kubakia mu nyumba ya mukwe, mutoto wangu ametoka."

Hivyo ndivyo ndoa yangu ilivyowekwa ndani ya kichupa cha damu.

Daktari alikuwa kijana mwenye viatu vya mvua na haraka nyingi, lakini alipoketi haraka ikamtoka. Nilimwambia nimechoka. Hakuniambia ni mawazo ya vita. Aliuliza nimechoka namna gani: ni usingizi, ni pumzi kukata, au ni miguu kukataa? Akavuta kope la chini la jicho langu kuona kama damu ni pungufu. Akauliza kama nina kiu sana na kukojoa mara nyingi, nikajua anatafuta sukari. Kama nakohoa na kutoka jasho usiku, hapo anatafuta kifua kikuu. Kama choo kina damu, kama ninakunywa dawa yoyote. Akamuuliza mke wangu kama nakoroma na kukatika pumzi usingizini, na mke wangu, aliyekuja kama polisi, akajibu kwa ufasaha mkubwa na kuigiza. Akaniuliza pia, taratibu, kama ninaona maisha hayana ladha, kwa sababu huzuni nayo huchosha mwili mpaka mfupa, na si uvivu. Ilinigusa kwamba aliuliza. Nilimjibu kwamba ladha ninaiona, ila sina nguvu ya kuifuata.

"Uchovu una mama wengi," alisema, "na wengine banazaa pamoja. Tusikamate wa kwanza tu kwa sababu ameonekana karibu."

Halafu akashika mkono wangu, akahesabu mapigo ya moyo, akahesabu tena. Akanikalisha kitandani miguu ikining'inia na kunigonga gotini kwa kinyundo cha mpira. Mguu ulipanda, na kurudi chini ukawa unasitasita, kama mtu aliyetumwa asikotaka kwenda. Akagonga wa pili. Nao ukajifikiria kwanza. Mke wangu akacheka. Alijiziba mdomo, lakini nilikuwa nimeshamsikia, na ilikuwa wiki nyingi tangu nimsikie akicheka.

Daktari hakucheka. Aliniwekea vidole viwili shingoni, akaniambia nimeze mate, akasema, "Ninafikiri ni hii. Tezi ya hapa mbele. Inaitwa..."

"Thyroïde," nikasema.

"Ah. Unaijua?"

Nilikuwa naijua kwa miaka kumi na miwili. Kila mwaka niliichora ubaoni, mabawa yake mawili kama kipepeo, na kwa chaki nyekundu niliandika pembeni kazi zake: kuupa mwili joto, kuupa moyo mwendo, kuuamsha mtu. Kila mwaka niliwaambia watoto kwamba ikilegea, mtu hupoa, huvimba, hunenepa bila kula, sauti hukwaruza, na husinzia. Ndiyo niliyokuwa naichora siku chaki ilipoteremka. Mganga hajigangi, walisema wazee, na mwalimu naye hajifundishi. Mke wangu alinitazama, na safari hii lilikuwa jicho jingine kabisa, la mtu anayejizuia asinizomee mbele ya mgeni.

Lakini kudhani si kujua. Walipima hapo hapo wingi wa damu, sukari, na mengine. Kipimo cha tezi hakikuwepo, chupa moja ilipaswa kuvuka mpaka na kurudi na jibu, na mambo ya mpaka wakati wa vita mnayajua. Wiki mbili, daktari alisema, na huenda zaidi.

Mke wangu alifunga mizigo yake siku hiyo hiyo. Si kwa ubaya, ni mtu wa kujiandaa. Akaweka begi karibu na mlango. Kesho yake, chini ya pazia, likatokea furushi la mama mkwe, limefungwa kwa mafundo mawili. Kwa wiki mbili na zaidi watu kumi na mmoja tuliruka begi tukienda nje na kuruka furushi tukirudi ndani.

Siku hizo niliomba jambo ambalo sikudhani Mkristo anaweza kuliomba. Niliomba niwe mgonjwa. Nikiwa njiani kwenda shuleni, nimekaa kwenye ukuta wa watu, nilimwambia Mungu: tafadhali, tezi iwe imekufa kabisa. Majibu mengine yalitoka mapema na yote yalikuwa mazuri, nami kila jibu zuri lilinitia hofu. Damu inatosha. Sukari hakuna. Mke wangu aliyapokea, akasogeza begi kidogo kuelekea mlango. Na kila jioni nilisali sala ya chakula kwa sauti ile ya kukwama, na kila jioni Amina ilikuja nyuma ya furushi, haijapungua uzito hata kidogo.

Siku ya kumi na nane tulirudi hospitali. Daktari alifungua karatasi, akaisoma, akanisukumia.

"Mwalimu, uko mugonjwa."

Nilimkumbatia. Alistuka, kalamu ikaanguka, akaanza kunieleza kwamba ni jambo la kutilia maanani, kwamba nitameza kidonge kila siku ya maisha yangu, asubuhi, tumbo tupu, nisubiri nusu saa kabla ya chai, na kwamba atanipima tena apate kipimo kinachonifaa. Nilimsikia nusu nusu. Mke wangu alikuwa ameshika karatasi kwa mikono miwili anaisoma, ingawa Kifaransa chake cha hospitali si kingi, na machozi yalikuwa yanadondoka juu ya namba.

"Nisamehe, papa," akasema.

"Ni mashati ndiyo yalinisingizia," nikamwambia.

Nyumbani tulisikika kabla ya kuonekana. Mke wangu alipiga kelele tangu kona ya barabara: "Iko mugonjwa! Papa iko mugonjwa kweli!" Majirani wakatoka wakadhani msiba. Mkaza mwana akatupa ungo. Na kutoka nyuma ya pazia vikapanda vigelegele, virefu, vya harusi, nadhani ndivyo vya kwanza kupigwa Majengo kwa heshima ya maradhi. Jirani wa kulia, yule wa picha na tai, aliuliza kama maana yake ni kwamba nafasi yangu kule ONG sasa iko wazi.

Begi likafunguliwa jioni ile. Furushi lilibaki limefungwa, maana mama mkwe alitaka kwanza kuisikia sauti yangu ya zamani.

Haikuwa miujiza. Wiki ya kwanza sikuona kitu isipokuwa hamu ya chai, nusu saa ile ni ndefu. Wiki ya tatu nilitoa sweta moja. Baada ya mwezi na kidogo, asubuhi moja, niliamka jogoo hajawika, nikabaki nimelala nikijichunguza kama mtu anayetafuta kilichoibwa. Hakikuwepo kitu kilichoibwa. Nilikuwa tu nimelala na nimeamka. Niliingia darasani, nikachora mtu upya, nikawafundisha watoto somo lile mara ya pili bila kusinzia, na nikaongeza yale ya daktari: kope, kiu, kikohozi, kukoroma, huzuni. Wiki hiyo hiyo yule msichana wa mbele alivuta kope la mama yake nyumbani, akaliona jeupe kama chaki, akamkokota hospitali, na kweli damu ilikuwa imemwishia. Mpaka leo nampa alama ambazo sikuziandika.

Jioni ya siku niliyoamka kabla ya jogoo, nilisimama kusali. Nilisali kwa sauti yangu, ile ya zamani, bila kukwama popote. Nikashukuru kwa bukari, kwa sombe, kwa wageni sita, kila mmoja kwa nafasi yake. Halafu shetani wa utani akaniingia, nikaongeza: "Na umbariki pia yule mama wa ofisi ya pili aliyeninenepesha bure, popote alipo."

Mke wangu alinipiga teke chini ya meza. Nyuma ya pazia Amina haikuja, nikaogopa nimevuka mpaka wa heshima. Kisha nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia, mama mkwe wangu anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, na kati ya kikohozi na kicheko ikatoka Amina. Usiku ule furushi lilifunguliwa.

Alirudi kwao barabara ilipofunguka, akawahi kupanda maharage. Siku ya kuondoka alisimama upande wa pili wa lori, mimi upande huu, tairi zikiwa kati yetu, akamtuma binti yake aniambie nisali sala ya safari, kwa nguvu, injini isinishinde. Nilisali. Tangu siku hiyo vita imekuja na kuondoka mara nyingi, na yeye amekuja na furushi lake na kurudi nalo, na pazia la kitenge tumelibadilisha mara tatu. Sijui mpaka leo macho yake yanafananaje.

Lakini kila Jumapili asubuhi, mtandao ukiwepo, simu ya mke wangu inalia. Mama mkwe hasalimii kwanza. Anauliza, "Mukwe amekunywa dawa?"  Mke wangu ananielekezea simu kutoka upande wa pili wa meza, na mimi, chai ikiwa mbele yangu na dakika kumi zikiwa bado zimebaki, nasema kwa sauti: "Nimekunywa, mama."

 Najua anasikiliza. Mke wangu naye huacha kukoroga chai, kila mara, kama anayesubiri tena ile karatasi ya hospitali.

"Njo yeye mwenyewe," mama mkwe anasema, na kukata simu.